Kuchora ramani ya mvua ya Pwani kwa Inkscape: jibu kwa mwalimu wa Likoni

Swali: Mimi ni mwalimu wa jiografia katika shule ya upili huko Likoni. Nimekusanya jumla za mvua za mwaka za vituo kumi na viwili, kuanzia Vanga hadi Malindi na kutoka Mombasa hadi Voi, nami nataka kuwachorea wanafunzi ramani yenye mistari ya mvua sawa. Nimejaribu kwa programu ya Inkscape, lakini mistari yangu hukatana, rangi humwagika hadi baharini, na baadhi ya vituo vimezungukwa na viduara visivyo na maana. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, matatizo yako yote matatu yana chanzo kikuu kimoja, nacho ni kwamba ulianza kuchora kabla ya kuamua kila mstari upite wapi. Inkscape ni programu ya michoro ya vekta, yaani michoro inayoundwa kwa mistari na maumbo badala ya nukta za rangi. Huhifadhi mikunjo, rangi na vipimo kwa usahihi mkubwa, lakini haina habari yoyote ya mvua. Haijui kwamba nambari uliyoiandika kando ya Mombasa ni kubwa kuliko ile ya Voi, wala haitakuzuia kupitisha mstari wa milimita 1,000 mahali palipopimwa milimita 700. Kwa hiyo kila mstari sharti uwe umekwisha kuhesabiwa kabla ya kushika kalamu ya programu, na sehemu kubwa ya jibu hili itahusu kazi hiyo inayotangulia.

Anza na takwimu zenyewe. Ramani ya wastani wa mvua ina maana tu ikiwa vituo vyote vimepimwa katika miaka ileile, na kwa kawaida huchukuliwa miaka thelathini. Kipindi kinachotumiwa sasa na idara za hali ya hewa duniani ni 1991 hadi 2020. Ikiwa takwimu za kituo kimoja zinahusisha mvua kubwa za El Niño za mwishoni mwa 1997 na za jirani yake zinaanza 2001, mstari utapinda kati ya vituo hivyo kwa sababu ya tofauti ya miaka, nawe utajikuta ukitafuta mlima au bonde la kueleza mpindo ambao haupo ardhini. Pili, kagua miezi iliyoachwa wazi. Katika majedwali mengi nafasi tupu humaanisha kwamba kipimo hakikuchukuliwa, lakini ukiijumlisha kwenye kompyuta inahesabiwa kuwa sifuri; na kwetu Pwani, ambako Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi zaidi katika masika, Mei moja iliyokosekana yatosha kuifanya jumla ya mwaka mzima kuwa ya uongo. Mwaka wenye pengo katika masika au vuli ni heri uuache nje ya wastani kuliko kuujaza kwa kukisia. Kituo kikibaki na miaka michache mno, kitie katika ramani kwa alama tofauti, na kisiruhusiwe kuvuta mstari peke yake.

Baada ya hapo, tengeneza fremu. Hapa tuna bahati ya kukaa karibu na ikweta. Katika latitudo ya nyuzi 4 hivi, nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zote mbili zina urefu wa karibu kilomita 111, kwa hiyo unaweza kuweka vituo kwenye mraba wa kawaida bila kushughulika na makadirio ya ramani, yaani mbinu za kuutandaza uso wa dunia ulioviringika kwenye karatasi bapa, ambayo mchoraji wa Ulaya hawezi kuyakwepa. Ili tusichanganye milimita za mvua na milimita za karatasi, vipimo vyote vya ukurasa nitavitaja kwa sentimita. Chukua eneo linaloanza longitudo nyuzi 38 dakika 20 hadi nyuzi 40 dakika 20 mashariki, na latitudo nyuzi 2 dakika 50 hadi nyuzi 4 dakika 50 kusini. Ukiamua kwamba nyuzi moja ni sentimita 9, basi dakika moja ni sentimita 0.15, eneo lote ni mraba wa sentimita 18 kwa 18, nao unaenea vizuri kwenye karatasi ya A4 pamoja na nafasi ya ufunguo. Voi, Malindi, Vanga na Shimba Hills zote zimo ndani. Lamu imebaki nje, lakini hukuitaja.

Katika mipangilio ya hati, weka kipimo kuwa sentimita na ukurasa uwe 18 kwa 18 wakati wa kuchora, utaukuza baadaye. Tangu toleo la 1.0 lililotoka 2020, Inkscape huhesabu kutoka pembe ya juu kushoto, na thamani ya wima huongezeka kuelekea chini. Wengi waliozoea matoleo ya zamani walilalamikia badiliko hilo, lakini kwa mtu anayechora kusini mwa ikweta ni neema, kwa sababu latitudo zetu nazo huongezeka kuelekea chini ya ukurasa. Kituo cha uwanja wa ndege wa Moi, kilicho nyuzi 4 dakika 2 kusini na nyuzi 39 dakika 37 mashariki, kiko dakika 77 kutoka ukingo wa kushoto na dakika 72 kutoka ukingo wa juu, yaani sentimita 11.55 na 10.8. Voi, yenye nyuzi 3 dakika 24 kusini na nyuzi 38 dakika 34 mashariki, inaangukia sentimita 2.1 na 5.1. Fanya hesabu hizi zote katika jedwali la LibreOffice Calc au Excel, kisha chora kiduara kidogo kisicho na mstari wa ukingo na uandike thamani zake kwenye visanduku vya X na Y. Kumbuka tu kwamba visanduku hivyo hupima pembe ya juu kushoto ya umbo, wala si kitovu chake. Kiduara chenye kipenyo cha sentimita 0.2 lazima kipunguziwe 0.1 kila upande. Kosa hilo ni dogo kwa macho, lakini likirudiwa kwa vituo vyote linausogeza mchoro mzima mbali na pwani yake.

Mstari wa pwani na mipaka ya kaunti unaweza kuupata kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, kupitia programu ya kuchora ramani ya QGIS, ambayo ni ya bure kama Inkscape. Weka ramani ya QGIS katika mfumo wa latitudo na longitudo wa EPSG:4326, taja kingo zilezile za fremu yetu, kisha hamisha mchoro wa sentimita 18 kwa 18 kama faili ya SVG. Utakapoufungua ndani ya Inkscape utalingana na vituo vyako bila kuvutwa wala kunyooshwa. Usisahau kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap kwenye ramani, kwa kuwa hilo ni sharti la leseni yao.

Sasa tufike kwenye kiini cha kazi. Fungua leya mpya, yaani tabaka jipya la mchoro, uipe jina la «pembetatu», na uunganishe vituo jirani kwa mistari myembamba ya kijivu mpaka eneo lote ligawanyike kuwa pembetatu. Penye njia mbili za kuunganisha, chagua ile inayotoa pembetatu nene badala ya nyembamba ndefu. Kwa vituo kumi na viwili utapata mistari ishirini na kitu, na juu ya kila mmoja utahesabu mahali ambapo thamani za kontua, yaani mistari ya mvua sawa, zinaangukia. Kanuni ni ya uwiano wa kawaida: toa thamani ya kontua kwenye thamani ya kituo cha kwanza, gawanya kwa tofauti ya vituo viwili, nawe utapata sehemu ya safari kutoka kituo cha kwanza hadi cha pili.

Tuchukue nambari za mfano zilizokadiriwa ili hesabu iwe nyepesi: Mombasa milimita 1,050 na Voi 550. Tofauti ni 500. Kontua ya 1,000 iko 50 chini ya Mombasa, yaani sehemu ya kumi ya njia. Kontua ya 800 iko nusu ya njia kamili. Ya 600 iko sehemu tisa ya kumi. Umbali wa vituo hivi viwili kwenye ramani yetu ni kama sentimita 11, ambao ardhini ni kilomita 136 hivi, kwa hiyo alama zinaangukia sentimita 1.1, 5.5 na 9.9 kutoka Mombasa. Katika jedwali lako la hesabu unaweza kupata moja kwa moja mahali pa kila alama kwenye ukurasa: kontua ya 800, kwa mfano, iko sentimita 6.825 kutoka kushoto na 7.95 kutoka juu. Weka kiduara cha rangi moja kwa kila thamani, ili alama zote za 800 ziwe za kijani, tuseme, na zote za 1,000 ziwe za buluu. Ukimaliza pembetatu zote utaona mistari imekwisha kujionyesha yenyewe, na katika hatua hii mistari haitakatana, kwa sababu juu ya upande mmoja wa pembetatu thamani hupanda au kushuka kwa mfuatano, na hakuna nukta inayoweza kuwa na milimita 800 na 1,000 kwa wakati mmoja.

Mara mojamoja utakutana na vituo vinne ambapo viwili vinavyotazamana kwa pembe vina mvua nyingi na viwili vingine vina kidogo. Hapo mstari unaweza kupita kwa njia mbili, na zote mbili ni halali kwa hesabu. Amua kwa kutazama ardhi, wala usipoteze jioni nzima kwa hilo.

Kuitazama ardhi ndiko hasa kunakotofautisha ramani nzuri na zoezi la hesabu, maana uwiano nilioueleza hudhani kwamba mvua hupungua kwa mwendo uleule kutoka kituo hadi kituo, jambo ambalo katika Pwani yetu ni kweli mahali pengine na si kweli mahali pengine. Ukitoka Mombasa kupitia Mariakani hadi Mackinnon Road, nchi inapanda polepole na mvua inapungua kadiri unavyoiacha bahari, kwa hiyo uwiano unafaa, hasa ukiwa na kipimamvua cha katikati kama Mariakani cha kuusahihisha. Lakini twende Kwale. Vilima vya Shimba vinainuka hadi zaidi ya mita 400 karibu kabisa na bahari. Upepo wenye unyevu unaotoka baharini hulazimika kupanda, hupoa, na humwaga mvua upande wa mashariki na juu ya vilima, ilhali Kinango, iliyo nyuma yake, ni nchi kavu ya malisho. Ukiunganisha kituo cha Msambweni na cha Kinango kwa mstari mmoja ulionyooka na kuzigawa kontua sawasawa juu yake, utakuwa umeisambaza katika umbali wote tofauti ambayo kwa kweli inatokea hasa kwenye mteremko wa magharibi wa vilima. Zisogeze kontua zibanane nyuma ya Shimba Hills. Una haki ya kufanya hivyo mradi usiruke kipimo chochote, na mradi uwaeleze wanafunzi kwamba umefanya.

Hali ni kali zaidi kwenye ukingo wa magharibi wa ramani yako. Kati ya Voi, iliyo chini ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na Wundanyi, iliyo kwenye vilima vya Taita juu ya mita 1,300, kuna umbali wa kilomita 22 hivi, ambao kwenye ramani yetu hauzidi sentimita 2. Kontua zote zinazohitajika kupanda kutoka ukame wa Voi hadi unyevu wa Taita lazima zijibane katika nafasi hiyo na kuufuata mguu wa mlima. Ikiwa kituo cha Wundanyi kimo katika orodha yako, kisiungwe na kituo chochote cha upande wa pwani. Pembetatu inayotoka Wundanyi hadi Mombasa ingepeleka mvua ya mlimani nyikani kote. Na ikiwa hakimo, usiubuni mlima: kata ramani mashariki ya Taita, au andika kwamba vilima havikuwakilishwa.

Upande wa kaskazini, kati ya Voi na Malindi, kuna eneo kubwa la mbuga ya Tsavo Mashariki na mto Galana ambako pengine huna kituo hata kimoja. Huko mistari iwe ya vipande, siyo mistari kamili. Msomaji aliyezoea ramani ataelewa mara moja kwamba hapo unakisia, na mwanafunzi aliyefunzwa vizuri atauliza kwa nini, na swali hilo litamfaa kuliko jibu.

Kuhusu tofauti kati ya kontua na kontua, naona vituo kumi na viwili havistahili mistari ya kila milimita 100. Thamani zako zikiwa kati ya 500 na 1,400 hivi, kontua za 600, 800, 1,000 na 1,200 zinatosha. Vipimamvua vyenyewe hukosa sehemu ya mvua wakati wa upepo, na wastani wa miaka thelathini hubadilika kidogo ukibadilisha kipindi. Mstari wa kila milimita 50 ungedai uhakika ambao hakuna aliyenao. Tofauti ikishachaguliwa, isibadilishwe katikati ya ramani ili kujaza nafasi tupu, na usiruke thamani yoyote: kutoka 800 huwezi kufika 1,200 bila kupita 1,000, hata kama nafasi ni finyu kiasi gani.

Ndipo sasa tunashika kalamu. Chagua kalamu ya Bezier, ile inayochora mikunjo laini kupitia nukta unazoziweka, kwa kubonyeza B, uiache penseli, kwa kuwa penseli hurekodi kila mtikisiko wa mkono na kukuachia nodi, yaani nukta zinazoushikilia mstari, mamia zisizohusiana na alama zako. Bonyeza mara moja juu ya kila alama ya thamani moja kwa mfuatano, ili nodi zako ziwe ni alama zako tu. Ukimaliza, shika kifaa cha nodi kwa N, chagua nodi zote, na ubonyeze Shift+A ili mstari ulainike wenyewe. Usitumie amri ya kurahisisha, ile ya Ctrl+L, ingawa inatoa mistari mizuri sana. Inaziondoa nodi ulizozihesabu na kuweka nyingine inapopenda.

Kulainisha nako kuna hatari yake. Mkunjo wa Bezier hupita kwenye nodi, lakini kati ya nodi mbili unaweza kufura upande mmoja hadi ukakimeza kituo, au ukagusa kontua ya jirani, na hii ndiyo sababu ya pili ya mistari yako kukatana. Baada ya kulainisha kila mstari, kuza skrini na upite kituo kwa kituo: chenye 780 kiko nje ya kontua ya 800? Chenye 830 kiko ndani? Palipoharibika, fupisha mikono ya nodi, ile mistari midogo inayotokeza kwenye nodi na kuongoza mkunjo, badala ya kuisogeza nodi yenyewe.

Rangi zinamwagika kwa sababu unajaribu kupaka nafasi iliyo kati ya mistari miwili iliyo wazi. Acha kuwaza nafasi za katikati, uwaze maeneo yanayolaliana, mfano wa mikeka iliyotandikwa mdogo juu ya mkubwa. Chini kabisa weka mraba wa sentimita 18 wenye rangi hafifu zaidi. Huo ndio eneo la chini ya milimita 600. Juu yake weka umbo la «600 na zaidi»: chora kontua ya 600 kwa alama zake, lakini ukifika ukingo wa fremu endelea nje, zunguka upande wa bahari kwa mbali bila kujali umbo, na urudi kulifunga ulipoanzia. Juu yake weka «800 na zaidi», kisha «1,000 na zaidi», na kuendelea. Kila umbo lina rangi yake na ukingo wake, kwa hiyo mstari na mpaka wa rangi ni kitu kimoja, navyo haviwezi kuachana hata ukisogeza nodi baadaye. Rangi zisiwe za kupenya, la sivyo zitajumlika zinapolaliana na ufunguo wako hautalingana na ramani. Kukiwa na kisehemu kikavu kilichozungukwa na unyevu, lichore kama umbo dogo juu ya yote, kisha likate kutoka katika umbo la chini kwa amri ya kutoa, ambayo ni Ctrl na alama ya kutoa.

Kontua zenye sehemu za vipande zinahitaji jambo moja la ziada, kwa kuwa ukingo wa umbo moja hauwezi kuwa kamili mahali pamoja na wa vipande mahali pengine. Nakili maumbo yote kwenye leya iliyo juu, ondoa rangi ya ndani, vunja mistari mahali kukisia kunapoanza, na uzime kingo za maumbo ya chini.

Mwisho wa hatua hii, kusanya maumbo yote ya rangi kuwa kundi moja, nakili umbo la nchi kavu, uliweke juu ya kundi, chagua vyote viwili na utumie amri ya klipu, inayoficha kila kilicho nje ya umbo la juu. Rangi yote iliyo baharini itapotea. Hapa kuna mtego wa watu wa Mombasa: klipu hupokea umbo moja tu, na mji wetu uko kisiwani. Ukitumia umbo la bara peke yake, Mombasa yote itabaki nyeupe katikati ya ramani, pamoja na Wasini na Funzi upande wa kusini. Kabla ya kuweka klipu, chagua bara na visiwa vyote na uviunge kwa Ctrl+K viwe njia moja. Leya ya kontua za juu, ikiwa unayo, nayo ikatwe kwa nakala ya umbo hilohilo. Ikiwa mwenzako anatumia Illustrator, kazi ni ileile, ila kuunga ni Ctrl+8 na klipu ni Ctrl+7.

Kwa rangi, nakushauri mfululizo mmoja unaotoka manjano hafifu, kupitia kijani, hadi buluu nzito, ambapo nzito daima ni mvua nyingi. Mfululizo wa upinde wa mvua unavutia, lakini nyekundu na zambarau hazimwambii mtu ipi ni kubwa. Tena najua ramani hii itafika kwenye mashine ya fotokopi, ambako rangi zote zinageuka kijivu. Mfululizo wa hafifu hadi nzito unavumilia safari hiyo, wa upinde wa mvua hauvumilii. Chapa nakala moja isiyo na rangi kabla ya kuidhinisha kazi.

Nambari za kontua ziwekwe juu ya mstari wenyewe, zikiwa na ukingo wa rangi hafifu nyuma ya herufi ili mstari usizipite katikati, na zisomeke bila kugeuza karatasi. Thamani za vituo nazo ziachwe kwenye ramani. Wachoraji wengi huzifuta ili ramani ipendeze. Kwa maoni yangu ramani ya darasani isiyo na vipimo vyake inamnyima mwanafunzi nafasi ya kukukosoa.

Huenda ukauliza kwa nini QGIS isichore kontua zenyewe, maana inaweza. Inaweza kweli, na viduara ulivyoviona vimefanana sana na vile ambavyo njia yake ya uzani wa umbali, ambayo hukipa kituo kilicho karibu nguvu zaidi ya kilicho mbali, huvizungusha kila kituo pale vituo vinapokuwa vichache. Ningekushauri uitumie ikiwa una data ya gridi, kama ile ya CHIRPS, inayounganisha setilaiti na vipimo vya ardhini tangu 1981 kwa miraba ya nyuzi 0.05. Fremu yetu ingepata miraba 1,600, na kontua zake zingekuwa na msingi. Hata ukiendelea na vituo vyako, ramani ya CHIRPS inafaa kuwekwa chini kwa rangi hafifu wakati wa kuamua mistari ya Tsavo, mradi uitaje kwenye maelezo na vipimo vya ardhini viendelee kutawala palipo na kituo.

Kilichobaki ni kichwa chenye kipindi cha miaka, ufunguo, mshale wa kaskazini, chanzo cha takwimu na kipimio. Kilomita 50 kwenye fremu yetu ni sentimita 4.05, chora kipimio cha mstari chenye urefu huo, wala usiandike uwiano wa nambari, kwa kuwa mashine za kuchapa hupunguza ukurasa kidogo ili uenee, na uwiano huo ungekuwa wa uongo ilhali mstari hupungua pamoja na ramani. Kwa uchapishaji toa PDF. Kwa kutuma kwenye simu za wanafunzi toa PNG ya nukta 300 kwa inchi, ambayo kwa fremu ya sentimita 18 ni upana wa piseli 2,126 hivi, na uifungue kwanza kwenye simu ndogo uone kama nambari kati ya Kwale na Kinango bado zinasomeka.